Mtani Aliyeimba kwa Sauti ya Mdogo Wangu

Albamu yangu imetoka, na mtu wa kwanza kunipigia simu hakunipongeza. Aliuliza mbona kwenye picha ya jalada nimekaa peke yangu na gitaa, na jina lililoandikwa ni langu tu, wakati ndani zinasikika sauti mbili. Nikamwambia asikilize nyimbo, picha aachane nayo. Wakafuata wengine na swali lilelile: sokoni Newala, kwenye foleni ya maji, hata kliniki nilikompeleka mjukuu wangu kupimwa uzito. Sasa nimechoka. Naeleza mara moja tu. Anayetaka asome, asiyetaka akapulize dawa mikorosho yake.

Sauti ya kwanza ni yangu. Mimi ndiye ninayetunga, na mimi ndiye ninayepiga gitaa kavu, nililolinunua kwa seremala mmoja wa Lukuledi. Sauti ya pili ilikuwa ya mdogo wangu. Tulianza kuimba tukiwa wasichana kule Kitangari, tukiteremka bondeni kuchota maji, maana siku zile bomba tulikuwa tunalisikia tu. Kushuka uliimba kwa raha zako. Kupanda, ndoo kichwani, uliimba ili usikae chini ukalia. Mimi naanza, yeye anaingia. Na alikuwa anachelewa kuingia! Kila mara. Unafika mahali unasema leo kasahau, halafu ndiyo anaingia, taratibu, chini kidogo ya pale ulipomtegemea. Nilimgombeza kwa tabia hiyo mpaka nikazeeka.

Tulipokuwa wakubwa tuliingia kwenye kikundi cha ngoma, tukaimba kwenye maharusi na kwenye sherehe za kuwatoa wali unyagoni. Video za kikundi zipo tele kwenye simu za watu, lakini ukizifungua unasikia ngoma, vigelegele na spika inayopiga mluzi. Yeye humsikii. Kikundi kilipovunjika, kwa magomvi ambayo sitaki hata kuyakumbuka, tukasema tutoe albamu yetu wawili: nyimbo zangu, gitaa moja, sauti mbili, basi. Tukapata studio Masasi, pale Mkomaindo, chumba kimoja nyuma ya saluni, blanketi zimepigiliwa ukutani kuzuia kelele za barabarani. Nikaweka gitaa, nikaweka sauti yangu. Yeye alikuwa aje kuweka ya kwake akipata nafuu.

Nafuu haikuja. Ilikuwa kansa ya kizazi, na ilipojulikana ilikuwa imeshasambaa. Akalazwa Masasi, nikawa natoka studio naingia wodini, natoka wodini naingia studio, na fundi mitambo wa studio ananiuliza kila siku, "Dada, mwenzako lini?" Namjibu, "Wiki ijayo." Mama yetu alibaki Kitangari kwa sababu miguu haimruhusu safari. Mara ya mwisho alimwona mwanawe akipanda gari kwa miguu yake mwenyewe, amevaa gauni la kijani, anamcheka dereva. Kilichorudi kwake ni mwili.

Kwenye mazishi wakaja watani. Sisi Wamakonde tunataniana na Wamakua, na kwa kweli bila mtani msiba wetu haujakamilika. Yeye ndiye anayechekesha watu kaburini, yeye ndiye anayejilaza shimoni mpaka apewe kuku ndipo atoke, yeye ndiye anayemwigiza marehemu kwa mwendo na kwa maneno, na ukimkasirikia umekosa adabu wewe. Mtani wetu ni mwanamke wa Masasi anayeuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Alikuwa amemtania mdogo wangu miaka mingi, na mdogo wangu alikuwa akimrudishia. Walikuwa wanatukanana njia nzima halafu wanagawana chakula.

Siku ile alivaa kanga ya marehemu, akajifunga kilemba kama alivyokuwa akijifunga yeye, akashika mwiko kuwa maiki. Akatembea uani akiutupa mguu wa kushoto kidogo, kama yeye. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Halafu akaimba. Aliimba sauti ya pili ya wimbo wangu wa ndoo, ule tuliokuwa tukipanda nao kutoka bondeni, peke yake, bila sauti ya kwanza, na ilikuwa sauti ya mdogo wangu kabisa. Kicheko kikakatika. Mama, ambaye tangu mwili ufike hakuwa amemeza chakula wala kusema neno, akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Rudia," akasema.

Mtani akarudia. Mama akaomba uji.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wote tulisema alhamdulillahi. Utani wa msibani una mwisho wake. Kwetu tanga likishaanuliwa, mkeka umekunjwa, wafiwa wameoga na kubadili nguo, kumwigiza marehemu kunakuwa kumwita atoke kaburini, na hakuna mtani mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Lakini tanga likiwa bado liko chini, mtani akiitwa anakuja. Hana ruhusa ya kukataa. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote.

Arobaini ikafika. Wali ukapikwa, shehe akasoma dua, mjomba wetu ambaye ndiye msemaji wa ukoo akasafisha koo akasema, "Dada, inuka sasa. Maji ya kuoga yako tayari. Tuanue tanga."

"Halianuliwi," mama akasema.

Mjomba akadhani hakusikia vizuri. Akarudia. Mama akamwambia, kwa upole tu, kwamba wao waende makwao, wakaangalie mikorosho yao, yeye tanga la mwanawe lipo na litakuwepo. Mjomba akapandisha hasira. Hajawahi kuona mtu analala matangani bila kikomo, akasema, tutachekwa mpaka Mtwara. Mjomba akachukua baiskeli yake akaondoka, wala wali hakuugusa.

Basi mama akabaki kwenye mkeka. Tanga lile lilikuwa la kweli: halali kitandani, haogi ipasavyo, moto wa kupikia hauwashwi jikoni kwake, anapikiwa kwa jirani. Msimu wa korosho ukaja, mabibo yakaoza chini ya mikorosho yake mpaka ua mzima ukanuka uraka, ile pombe ya mabibo, na yeye hakunyanyuka. Mtani kila akipata nafasi anapanda kutoka Masasi, anavaa kanga ya marehemu, anaimba, mama anakula. Asipokuja, mama anageukia ukuta. Akaanza kukohoa. Mganga wa zahanati alikuja kumwona, akaniita pembeni akaniambia bibi huyu asipotoka sakafuni kabla ya mvua, kifua kitammaliza. Nikamwambia asante, kana kwamba mimi ndiye niliyemlaza pale.

Nilijaribu kumwambia. "Mama, yule ni mtani. Siyo yeye."

"Najua ni mtani," akasema. "Unadhani nimerukwa na akili? Najua mwanangu yuko wapi. Lakini sauti ni yake, na sauti ndiyo niliyobakiwa nayo. Wewe ulikuwa naye huko hospitali. Mimi nilikuwa na nani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Mtani mwenyewe ndiye aliyechoka wa kwanza. Siku moja alipomaliza kuimba tulikaa nyuma ya nyumba, akavua kilemba, akaanza kama kawaida yake. "Nyie Wamakonde bwana, hata kufa hamjui kufa mkamaliza. Mnatusumbua sisi wenye akili." Nikacheka kidogo. Kisha akakikunja kile kilemba mapajani. "Mtani wangu," akasema, "mimi nakwisha. Nikiwaita wateja wa ming'oko, inatoka sauti yake. Mume wangu juzi ameniambia, mke wangu, rudi basi nyumbani. Na mimi nipo hapo hapo jikoni, namsongea ugali!"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikapata wazo, na nililiona zuri sana. Nyimbo zangu zilikuwa bado ziko Mkomaindo, nusu nusu. Mtani aje aimbe sauti ya pili mara moja, irekodiwe, mama awe nayo kwenye redio yake ndogo ya memori kadi. Atasikiliza anapotaka, mtani atapumzika, na mkeka tutaukunja. Mtani akafikiri, akakubali, ila akaweka sharti.

"Jina langu usiliandike popote. Mimi siyo mwanamuziki. Hii ni kazi ya msibani, na kazi ya msibani haiandikwi. Na jina lake pia usiliandike, maana siye yeye. Andika lako."

Mmesikia? Ndiyo maana jalada lina jina moja. Nisingeweza kuandika la mtani kwa kuwa amekataa, na la mdogo wangu ungekuwa uongo.

Studio tuliingia asubuhi. Fundi mitambo nilimwambia nimeleta rafiki. Mtani akavaa hedifoni juu ya kilemba, akafumba macho, gitaa langu likaanza. Alipoingia kwenye ubeti, fundi aliondoa mikono kwenye mashine yake. Yeye alimjua mdogo wangu, ambaye alishakuja pale kufanya majaribio kabla ya kuugua. "Dada," akaninong'oneza, "si ulisema amefariki?" Nikamwambia fanya kazi yako. Tukamaliza nyimbo zote. Tulipotoka nje mtani alitapika kwenye mtaro, tukanunua soda, tukaachana.

Niliiachia albamu mtandaoni, na nakala za kwenye flashi zikauzwa sokoni Masasi na Newala. Watu waliipenda. Kwa miaka yote niliyoimba sijawahi kupendwa hivyo, na sikufurahi hata kidogo. Mimi macho yangu yalikuwa Kitangari. Nikaweka nyimbo kwenye memori kadi, nikampelekea mama. Alisikiliza kutwa nzima. Jioni nikamwambia, "Mama, sasa unayo. Tuanue tanga."

"Tukianua, hii itakuwaje?" akauliza. "Si ni mtani anayemwigiza? Tanga likianuliwa, kuisikiliza ni kumwita mwanangu kaburini. Nitafanya hivyo mimi?"

Nnungu wangu! Nilikuwa sikuwaza hilo. Mimi na akili zangu zote, na mtani na akili zake za Kimakua, tulirekodi kitu ambacho mama angeweza kukisikiliza akiwa matangani tu. Tulimfunga kwenye ule mkeka kwa mikono yetu. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, ikabingirika mpaka kwa jirani, na jirani akairudisha bila kuniuliza kitu.

Zikapita wiki. Mama akawa anakonda, na mimi nikawa nakwenda na kurudi. Mazungumzo yake yakaanza kubadilika. Mwanzoni alikuwa akisema "weka ule wa mtani." Baadaye akawa anasema "weka." Halafu siku moja akasema "mwache mwenzako aimbe," na sikumsahihisha, kwa sababu alikuwa anakula.

Ndipo ikaja ile simu ya Lukuledi. Alikuwa mama mtu mzima, sauti ya taratibu. Namba yangu aliipata kwa wauza flashi. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu. Nimesikia nyimbo zako kwa mkwe wangu. Nataka kukuuliza, huyo anayeitikia ni nani? Maana siye yule niliyelala naye wodini, kitanda kwa kitanda."

Katika watu wote walioisikia albamu ile, ni yeye peke yake aliyetambua. Akaendelea kwamba mgonjwa mwenzake yule alikuwa akiimba wimbo wa ndoo alfajiri, taratibu, wakati wengine hawajaamka, na siku moja yeye alimrekodi kwa simu kwa sababu ulimtuliza maumivu. Alikuwa nao mpaka leo. Kesho yake nilikuwa Lukuledi.

Alinikaribisha kwa muhogo na chai, lakini sikuweza kula. Akabonyeza simu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, na naandika hapa bila kuficha, ni kujiuliza huyu mwanamke ni nani. Sauti ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo, pumzi inasikika. Nilikuwa nimeshazoea ile ya mtani, iliyo nyororo, inayotetemeka mwisho wa kila mstari. Halafu ukafika ule mstari, na hakuingia. Nikangoja. Nikasema kasahau. Ndipo akaingia, taratibu, chini kidogo ya pale nilipomtegemea. Nikajifunika uso kwa kanga nikalia kwa sauti kwenye nyumba ya watu. Mtani hakuwahi kuchelewa, hata mara moja, na mimi sikuwa nimeligundua hilo.

Mwisho wa wimbo alikuwa ameongea. "Dada akisikia atanigombeza, atasema nimechelewa. Ila Mama asiambiwe kama naumwa hivi. Aambiwe nikipona napanda kwanza kwake, anipikie kisamvu." Kisha akakohoa, ikaishia hapo. Nikamwomba yule mama anirushie kwenye simu yangu.

Nilipanda Kitangari nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha, na sioni aibu kuisema. Hii siyo ya mtani, ni ya mwenyewe, na hakuna mila inayokataza mzazi kuisikia sauti ya mwanawe mwenyewe, tanga liwepo lisiwepo. Mama angeipokea, angeinuka. Nilimpigia mjomba, akaja na baiskeli yake, hasira zimekwisha. Mtani akapanda kutoka Masasi kushuhudia mama anavyofunguliwa, akaleta ming'oko, akamtania mjomba kwamba anaendesha kama anayefukuzwa na nyuki. Tukachemsha maji ya kuoga. Nilikuwa nimenunua doti mpya ya kanga, nikaiweka juu ya kitanda chake ambacho kilikuwa hakijalaliwa tangu msiba. Kila kitu kilikuwa tayari.

Nikapiga magoti kwenye mkeka. "Mama, nimekuletea sauti yake. Yake yeye mwenyewe, akiwa hospitali. Siyo mtani."

Akasogeza sikio. Nikabonyeza. Alisikiliza akikunja uso, wimbo ukaenda, mstari ukafika, ukapita ule ukimya, mdogo wangu akaingia. Nilikuwa namwangalia mama machoni, nangoja. Yakaja yale maneno ya mwisho, yale ya kisamvu. Simu ikanyamaza.

"Ni nani huyu?" mama akauliza.

"Ni yeye, Mama. Ni mwanao."

Akasema niirudie. Nikairudia. Safari hii hakufika mwisho, alinyoosha mkono akaisukuma simu pembeni, siyo kwa ukali, kama mtu anayesukuma sahani akishashiba.

"Mmepata mtani mpya," akasema. "Huyu hawezi kumwigiza. Sauti mbovu, kukohoa kohoa tu, na wimbo wenyewe hajui aingilie wapi. Mwambieni asirudi tena kwenye msiba wangu."

Mjomba akatoka nje. Mtani, yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekosa neno la kujibu, alikaa chini mlangoni akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, asije akatoa sauti yoyote mle ndani. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mama mabega nimtikise, nimwambie umemfukuza mwanao, umemfukuza akiwa anaomba kisamvu chako. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini alikuwa ameshajilaza, mifupa ya bega imetokeza, anahema kwa shida, na alikuwa bado hajala tangu asubuhi.

"Niwekee mwanangu," akasema.

Nikachukua redio yake, nikaweka albamu yangu. Gitaa likaanza, nikaimba ubeti wangu, na sauti ya pili ikaingia pale pale, bila kuchelewa.

"Haya," mama akasema, akafumba macho. "Huyo ndiye. Leteni chakula."